Askari Aliyeomba Maji Kwanza

Riwaya za nchi hii kuhusu miaka ya yule dikteta nimezisoma kwa hasira. Karibu zote zinafanana: rais anacheka mezani huku watu wanatetemeka, na askari ni mtu wa kwetu, wa West Nile, mwenye miwani myeusi, asiyejua lolote ila kupiga. Hana mama. Hana hata jino linalomuuma. Sisi tuliozaliwa uhamishoni, ng'ambo ya mto Kaya, askari hao hao walikokimbilia dikteta alipoanguka, tunafunga kitabu na kujiuliza: kwani baba zetu walitengenezwa kiwandani?

Nikaamua kuandika yangu. Niliiandika kwa Kiswahili, na walimu wenzangu hapa Ediofe, Arua, wakanicheka, maana kwa wengi nchini Kiswahili bado ni lugha ya mtu anayegonga mlango akiwa na bunduki. Mimi niliitaka kwa sababu hiyo hiyo.

Askari wangu nilitaka awe mtu. Shida ni kwamba kazi yake sikuijua. Baba yangu alikuwa jeshini miaka ile, lakini kwetu Koboko wazee waliorudi kutoka uhamishoni hawaulizwi. Mzee unampa kiti, unampa maji, unaondoka. Sijawahi kusikia mtu wa rika langu akimwuliza baba yake, ulifanya nini? Basi pale nilipokosa habari, nilijaza tabia. Nilichukua za baba. Kabla ya kuingia nyumba ya mtu, askari wangu anavua mabuti, anayapanga ncha zikitazama njia, anatumbukiza kamba ndani, kisha anaomba maji na kuyamaliza yote kabla hajasema lililomleta. Katika sura ya nne anamfanyia hivyo mwalimu mmoja, halafu anaondoka naye. Niliipenda sana sura hiyo. Nilijiona fundi.

Mwaka jana niliisoma mbele ya watu katika ukumbi mmoja wa kanisa pale Koboko. Ilikuwa saa nane mchana, bati linalia kwa joto. Walikuwepo wakimbizi wa Sudan Kusini waliosikiliza bila kupepesa macho, na madereva wawili wa malori ya mpakani Oraba ambao nadhani walifuata kivuli tu. Nilipomaliza watu walipiga makofi, wakanywa soda, wakaenda zao. Alibaki mama mmoja mzee. Alikuwa ametoka mbali, kijijini Lobule, kwa bodaboda, na vumbi lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Hii askari ya buti," akaniambia, "nani alisema wewe habari yake?"

"Hakuna, mama. Nimetunga tu, kutoka kichwani."

"Hapana. Hii mutu mimi naona na macho yangu. Alikuja kwangu kuchukua bwana yangu. Alipanga buti namna hii hii. Mimi mwenyewe naleta maji."

Nikatabasamu. Msomaji akikuambia kwamba mtu uliyemtunga anamfahamu, unajisikia vizuri, umeandika kweli. Nilikuwa bado natabasamu aliponyoosha mkono na kugeuza kiganja chini.

"Halafu alipindua kikombe juu ya ukuta, hivi. Wewe hapana andika kikombe."

Sikuwa nimekiandika. Lakini asubuhi ile ile, nyumbani kwa baba nilikolala, kabla ya kuja ukumbini, nilikuwa nimekiondoa kikombe cha baba kwenye ukuta mfupi wa baraza, kimepinduliwa, kama anavyokiacha kila siku ya maisha yangu. Nikakaa kwenye benchi, naye akadhani nimechoka, akakaa karibu nami na kunipepea kwa khanga yake.

Akanieleza polepole. Mume wake alikuwa karani wa ghala la tumbaku. Baada ya kuchukuliwa, yeye alienda kusimama kwenye geti la kambi mwezi baada ya mwezi, na Kiswahili chake alijifunza pale, kwa sababu askari wa geti hawakumjibu kwa lugha nyingine. Hawakumjibu kwa hiyo pia. Kwetu mtu huzikwa kwenye ua wake mwenyewe. Mahali pa karani pamebaki wazi kando ya nyumba hadi leo, mbuzi wanalala hapo, na yeye hataki kutangulia kuzikwa kabla ya mume wake kurudi.

"Mimi hapana taka kesi, mutoto yangu. Mimi nataka mahali tu. Kama hii askari iko hai, uliza yeye: ulimuacha wapi?"

Ningeweza kusema. Kutoka ukumbini hadi kwa baba ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilimtazama usoni nikamwambia tena kwamba nimetunga, kwamba hakuna mtu kama huyo. Sauti yangu ilitoka laini kabisa, ya mwalimu anayejibu swali rahisi. Alinishukuru. Akapanda bodaboda yake akaenda.

Nilitembea hadi nyumbani nikigeuka nyuma kila hatua, kana kwamba nafuatwa. Baba alikuwa barazani akimenya karanga, redio iko chini ya kiti. Ana miaka zaidi ya themanini sasa. Nikasimama mbali naye kuliko kawaida. Nikamwambia kwamba ukumbini kuna mama mmoja amesema anamjua askari wa kitabu changu. Sikusema zaidi ya hapo. Nilikuwa nasubiri aulize mama gani. Nilimwomba Mungu aulize.

"Ile mama ya karani," akasema, "iko muzima bado?"

Redio iliendelea na matangazo ya mazishi. Nikatamani mno kurudi Arua, nijifungie darasani, nisahihishe madaftari.

"Iko muzima," nikasema. Nilijikuta nimejibu kwa Kiswahili chake, cha kambini.

"Wewe alisema yeye nini?"

"Kwamba nimetunga."

"Vizuri." Akameza karanga moja. "Yeye nataka nini?"

"Mahali, baba. Anataka kumzika bwana yake nyumbani. Mlimpeleka wapi?"

Aliendelea kumenya karanga. Hakukasirika, hakulia. Nadhani alijaribu kweli kukumbuka, na hilo lilinitisha kuliko kama angenifokea.

"Watu ilikuwa mingi," akasema. Kisha uso wake ukachangamka, uso wa mzee aliyepata namna ya kumsaidia mtoto wake kazi. "Lakini wewe iko mwandishi. Andikia yeye mahali. Mama itafurahi."

Nilipaswa kumpigia kelele. Nilishindwa, kwa sababu kabla hajamaliza kusema nilikuwa nimeshapachagua: kushoto mwa barabara ya Oraba, nyuma ya mawe, penye kijito kinachokauka mwezi wa kwanza. Niliona hadi rangi ya udongo. Na nilijua yule mama angeniamini.