Maji ya Tangi la Samaki

Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya madoa, damu hunichemka. Baba alininunulia tangi la kioo na samaki wekundu, tukaliweka sebuleni kwetu Makorora. Kesho yake maji yakawa kama ya kuoshea mchele.

“Yaache mwanangu, yatatulia yenyewe,” akasema baba.

Mjomba aliyaonea aibu, kwa kuwa siku ile wageni walikuwa wanakuja kumposa dada. Niliporudi kutoka madrasa, maji yalikuwa yanang'aa na tangi halina hata samaki mmoja.

“Nimetia dawa ya madoa kidogo tu,” mjomba akaninong'oneza. “Si yametakata?”

Mgeni mmoja akauliza samaki wako wapi. Mjomba akacheka, akasema bado hatujanunua.

“Amewaua yeye,” nikasema.

Mama alinifinya mkono ukavilia damu, nami nikarudia.