Nyumba Iliyogeukia Mlima

Anayetaka kujenga Ifakara hataulizia sana kabla ya kufika kwa Frida. Ofisi yake iko nyuma ya duka la mabati, karibu na soko. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Mahenge, aliyesomea uchoraji wa ramani za nyumba Morogoro. Watu humsifia wepesi wa mkono. Mimi Leodegar, fundi mwashi niliyejenga nyumba nyingi alizochora, ninamsifia jambo lingine: Frida anaweza kuifuta kazi yake nzuri bila kununa. Nililiona hilo kwenye nyumba ya mzee Ndaki.

Mzee Ndaki ni Msukuma aliyekuja bonde hili na ng'ombe zamani, akaishi upande wa Kivukoni, kando ya mto, hadi yalipotokea mafuriko makubwa. Baadaye aliuza sehemu ya mifugo, akashika kilimo cha mpunga, akanunua kiwanja juu ya kijiji cha Mkula, pale ardhi inapoanza kupanda kuelekea milima ya Udzungwa. Yeye na mkewe Sikitu walijisitiri kwanza kwenye banda la mabati hapo hapo kiwanjani.

Siku ya kwanza tulipopanda, mzee alitupokea amesimama.

"Shikamoo, baba," Frida alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umeona mahali penyewe? Nataka nyumba ya kisasa. Mtu akipita barabarani aulize ni ya nani."

Chini yetu kulikuwa na mashamba ya miwa na mpunga, na mbali zaidi mto uling'aa kama bati jipya. Frida alizunguka kiwanja kutwa nzima, akaangalia maji ya mvua yalikopitia na jua linavyogeuka.

Ramani aliyoleta wiki iliyofuata ilinifurahisha hata mimi ambaye ningebeba mawe yake. Hakukata kilima. Aliishusha nyumba kwa ngazi mbili kufuata mteremko, akaweka ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, paa limefichwa nyuma ya kuta kama wanavyopenda sasa. Sebule, meza ya chakula na chumba kikuu cha kulala, vyote vilikuwa na vioo vipana vinavyotazama bonde.

Mzee aliiweka ile karatasi magotini akaitazama huku anatabasamu. Sikitu alituletea chai, akainama kuangalia, akasema, "Ni nzuri," akarudi nyuma ya banda.

Tulipokuwa tunashuka Frida aliniambia, "Hajauliza jiko liko wapi. Fundi, ile nyumba yule mama haitaki."

Kesho yake nilikuwa nafunga kamba za vipimo pale kiwanjani, Frida akaja tena. Sikitu alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Frida akaketi naye kwenye mkeka, akaanza kutoa vijiwe.

"Mama, ile ramani haikukupendeza."

"Nilisema ni nzuri."

"Nilikusikia. Lakini ungekuwa unachora wewe?"

Sikitu alichagua mchele kwa muda. "Kitanda umekielekeza kule."

"Ndiyo, mama. Ukiamka unaliona bonde lote."

"Na mto."

"Na mto, kama hakuna ukungu."

"Binti yangu Rosemery alifia kule," Sikitu akasema.

Akamweleza bila kuinua sauti. Mwaka wa mafuriko walikuwa wanahama kwa mtumbwi, mtumbwi ukapinduka. Waliosalia walivutwa na wavuvi. Rosemery alipatikana maji yalipopungua. "Nimepanda huku nisiuone tena ule mto. Baba yake anauangalia kila siku, anaangalia mpunga wake. Mimi siwezi kuanza nao kila asubuhi."

Frida alimshika mkono. "Pole sana, mama." Kisha akauliza, "Asubuhi ungependa kuona nini?"

Sikitu alionyesha kwa kidevu, nyuma yake, kule msitu unapoanza. "Pale mawingu yanapokaa."

"Baba nimweleze, au utamweleza mwenyewe?"

"Mweleze wewe. Hilo hatuliongelei."

Mzee Ndaki alianza kwa kukataa. Nyumba ya juu iangalie nyuma, watu wangemwonaje? Ndipo Frida alipomweleza maneno ya mkewe. Mzee aliligeukia bonde.

"Anadhani naangalia mpunga?" alisema. "Mpunga wangu uko upande ule mwingine. Mimi nikikaa hapa naangalia pale tulipompoteza. Nikiacha kuangalia naona kama nimemwacha peke yake."

Frida alikunja ile ramani akarudi nayo mjini, na yote aliifuta. Safari hii chumba cha kulala na jiko viliangalia mlima, ambako jua la jioni huwahi kujificha na chumba hupoa mapema. Upande wa bonde alibakiza baraza pana na sebule. Katikati aliweka meza ya chakula inayopata mwanga kutoka juu, na kutoka pale huuoni mto wala mlima. Sehemu ya ukuta inayoonekana kutoka barabarani, mgongoni mwa chumba cha kulala na jiko, ni tupu kabisa, haina dirisha, na mzee alikubali.

Niliijenga kiangazi chote. Walihamia kabla ya mvua kuanza. Siku moja nilikwenda kurekebisha mfereji wa maji ya paa, wakanikaribisha wali na samaki pale mezani. Mzee alisema Rosemery alipenda sana samaki wa namna ile. Sikitu akamsahihisha kwamba aliyependa ni kaka yake, Rosemery alikuwa anaogopa miiba. Walibishana kidogo, mzee akakubali kwamba amesahau, na mkewe akamwongezea mboga.

Siku hizi wapita njia wanapouliza kwa nini nyumba nzuri hivyo imenyimwa madirisha upande ule, Sikitu huwaeleza mwenyewe. Frida ameshachora nyumba nyingine kadhaa mlimani kule. Kila mara hungoja kwanza mwenye jiko aulize jiko liko wapi.