Kiti cha Editha kwenye Gari la Makambako

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, ambayo ningekuwa na uwezo ningeisahau. Nilikuwa nimeifungia vizuri, lakini juzi ulikuja kunifungulia sebuleni kwangu, ukiwa umevaa sare mpya.

Wewe Upendo, mjukuu wangu, na wenzako watatu mnaokwenda Makambako Jumamosi kushindanisha roboti yenu, barua hii ni ya wote wanne. Someni pamoja. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msihangaike na mwandiko, hangaikeni na maneno.

Juzi ulikuja kunionyesha. Ukaiweka roboti sakafuni, ikazunguka miguu ya meza, ikanyoosha mkono, ikaokota kikombe cha bati na kukiweka pembeni taratibu. Nikapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Kisha ukasimama wima, ukaanza kumwaga Kiingereza utakachowaambia majaji. Sikuelewa hata neno moja, lakini nilijivuna kama mimi ndiye niliyekifundisha.

Ndipo mkono wa roboti ukakwama hewani. Ukaupiga kofi. Ukazima, ukawasha. Ukabaki kuutazama kama mtu anayemtazama ng'ombe wa jirani.

"Huu mkono kautengeneza nani?" nikauliza.

"Editha, Bibi. Yule wa Matembwe."

"Basi Jumamosi Editha ataurekebisha."

"Editha haendi. Gari lina nafasi nne za wanafunzi, na majaji wanauliza kwa Kiingereza. Yule hata Kiswahili chake kimejaa Kibena. Atatuaibisha!"

Ukacheka. Mimi nikakukalisha, nikakusimulia haya.

Nilikuwa na umri kama wako. Misheni walitangaza mashindano ya kazi za mikono kwa wasichana wa vijijini. Ambaye kikapu chake kingeshinda angepokelewa na masista, akae bwenini, ajifunze cherehani. Mimi na Tulalumba, binti wa nyumba ya pili, tulisuka kikapu kimoja cha milulu, yale majani marefu ya bondeni. Nasema tulisuka. Mimi nilikata milulu bondeni na kuitia rangi. Aliyeanza kitako ni Tulalumba, na kitako ndicho kikapu chenyewe. Kikianza vibaya, usuke mwezi mzima, kitakaa upande kama mlevi. Vidole vyake vilijua. Vyangu havikujua.

Siku ilipofika nikamwambia, "Masista wanauliza kwa Kiswahili. Ukifungua mdomo kitatoka Kibena, watu watacheka. Kaa nyumbani, nitatusemea wote wawili."

Akaniuliza jambo moja tu. "Utanitaja?"

"Nitakutaja."

Sikumtaja. Sista aliuliza, "Umesuka mwenyewe?" Nikajibu, "Ndiyo, Sista," kabla sijafikiri. Hapana, nisidanganye na uzee huu. Nilifikiri. Nilikuwa nimefikiri njia nzima.

Nikashinda. Kijiji kilinisindikiza kwa nyimbo, na Tulalumba alisimama mlangoni kwao akinitazama napita. Juma la tatu sista akaniletea furushi la milulu mbele ya wasichana wote. "Waonyeshe wenzako kitako kinavyoanza." Nilianza mara nne, mara nne kikafumuka. Mmoja akacheka, kisha wote. Kesho yake nikarudishwa nyumbani, sanduku kichwani, na sikurudi shule tena.

Ningekuwa nimejiumiza peke yangu, nisingeandika. Nafasi ile haikwenda kwa Tulalumba, ilikwenda kwa msichana wa kijiji kingine. Tulalumba akaenda kuchuma chai Lupembe mpaka mgongo ukapinda. Tulipokutana sokoni Njombe alinipisha njia, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mwenye kikapu."

Tulikuwa rika moja, mwanangu! Wengine wa rika letu aliwapa kamwene, salamu yetu ya Kibena, akawashika mkono na kucheka nao. Mimi alinipa shikamoo hiyo miaka yote mpaka alipokufa. Nilikwenda kumzika. Nikakaa nyuma kabisa.

Nilipokusimulia haya ulisema, "Bibi, hayo ya zamani, na kikapu si roboti." Ukabeba roboti yako, ukaondoka bila kuniaga. Sawa. Karatasi haiwezi kuachwa sebuleni ikiongea, utakwenda nayo.

Sasa sikilizeni. Mkono ule utakwama mbele ya majaji. Siwalaani, nimeuona ukikwama. Nendeni kwa mwalimu wenu kabla ya Ijumaa, mmoja wenu ampishe Editha kwenye gari. Kama hakuna anayetaka kubaki, abaki Upendo. Nimesema mimi bibi yake, niliyempigia vigelegele. Editha asimame penye roboti, aseme kwa lugha aliyo nayo, na mwenye Kiingereza amtafsirie. Wakiuliza nani katengeneza, jina lake litangulie. Wakicheka, wawacheke wote. Kazi ya mwenzako usiisemee kama yako, hata kama mdomo wako ni mtamu kuliko wake. Mkishindwa hivyo, mkirudi Njombe mtabaki watano mnaosalimiana, na hicho mimi sikukipata.

Mungu awape barabara kavu mpaka Makambako, na betri isiwazimikie. Awape mikono inayojua inachokishika. Na wewe Upendo, akupe uzee ambao hakuna mtu wa rika lako atakayekuamkia shikamoo.