Makala ya Sumu ya Kasa

Ofisini kwetu Wete yupo bibi mmoja anayerekebisha makala za maelekezo ambazo wahudumu wa afya vijijini huzisoma kwenye simu. Huandika kwa kidole kimoja, taratibu kama anayetoa mwiba, na kila sentensi huisoma kwa sauti. Mimi humtania, "Bi Mkubwa, kwani kompyuta hiyo kiziwi?" Naye bila kugeuka, "Nyamaza wee, mwenye nusu diploma."

Makala ya sumu ya kasa aliirekebisha mwezi uliopita: mama aliyekula nyama ya kasa asinyonyeshe. Ikabaki ikisubiri idhini ya mkuu wetu, na kwenye simu bado ile ya zamani. Leo mhudumu wa kijiji cha Msuka, Mwanakhamis, kapiga simu analia. "Bi, nilifuata makala yenu. Nilimwambia mama aendelee kunyonyesha. Mtoto tumemzika asubuhi." Mkuu alikuwa kasimama nyuma ya kiti, kasikia yote. Akainama, akanong'ona, "Ile mpya ichapishe sasa hivi, uweke tarehe ya mwezi uliopita. Ionekane mhudumu ndiye hakuisoma." Bibi aliisogeza simu mpaka mdomoni pa mkuu.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Hajakata."