Fulana ya Sufu ya Kompyuta ya Shangazi Lalka

"Ubongo wa kuku huo!" Dobri alisema, akielekeza mwiko wake mrefu kwenye kikompyuta cha mkononi kilicholala juu ya gunia. "Tena namsingizia kuku. Wa inzi huo!"

"Na wako je?" mkewe Minka akamjibu huku akisukuma gogo motoni. "Miaka thelathini unapasua matumbo ya kompyuta, mpaka leo hujajua kwamba mgonjwa wa nyonga hawezi kulala na kabati kifuani."

"Si kabati. Ni kompyuta ya mezani."

"Nimeiona ilivyofika hapa. Punda aliyeivuta kagoma tangu asubuhi, anadai kiinua mgongo."

"Punda gani, mwanamke wewe? Nimeileta kwa toroli!"

"Basi toroli ndiyo inayodai."

Walikuwa kwenye banda la kijiji la kupikia rakia, ile pombe kali ya plamu, maana siku hiyo ya Oktoba ilikuwa zamu yao. Zamu ya rakia haiachwi. Plamu zikishachacha kwenye mapipa zinataka moto siku ile ile, na mwaka mmoja bwana harusi mzima alisubirishwa kanisani mpaka baba mkwe amalize sufuria lake la mwisho. Kwa hiyo Dobri, ambaye alikuwa na kazi nyingine ya haraka, aliibeba kazi yenyewe akaileta bandani. Kompyuta mbili, waya mrefu wa umeme, na hasira.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Shangazi Lalka, jirani yao, mfumaji mazulia mstaafu wa miaka sabini na sita. Mwezi wa saba alianguka kutoka kwenye mti wa cherry, akavunjika nyonga, na tangu atoke hospitali hakuwahi kushuka kitandani kwa zaidi ya hatua nne. Daktari alimpa kile kiegemeo cha chuma cha kutembelea. Lalka akakigeuza cha kuanikia soksi. Binti yake aliyeko Uhispania akamtumia kile kikompyuta cha mkononi, kidogo kama tofali, chenye vitufe kila upande. Kila jioni saa kumi na mbili kamili Lalka na mjukuu wake Yoana, wa miaka tisa, walishindana gemu ya matrekta, mmoja kitandani Bulgaria, mwingine sebuleni Uhispania, wakitukanana kwa raha zao.

"We bibi, unaendesha kama bata mlevi!"

"Na wewe kama mtoto wa kasisi! Kanyaga mafuta, uzao wangu!"

Hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya siku ambayo Kibulgaria kilipita kinywani mwa yule mtoto. Asubuhi Lalka alikitumia kikompyuta hicho hicho kuandika nyimbo za mabibi wazee kwa ajili ya maktaba ya kijiji, na huko hakikuwa na neno. Lakini kwa wiki tatu sasa, kila gemu ikianza, trekta lilikwenda vizuri dakika tano, kisha likaanza kudonoa njia kama kuku, na sauti ya Yoana ikakatika vipande vipande. Jana yake Lalka alikuwa amesema kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake:

"Dobri, mwanangu, kichukue ukitazame. Kikishindikana, kesho saa kumi na mbili nitamwambia mtoto atafute mwenziwe wa rika lake. Nimechoka kusikia nusu ya jina langu."

Dobri hakulala vizuri. Maana yeye na huyo mama walikuwa na jambo lao.

Ujana wake Dobri aliutumia kiwandani, akiunga kwa risasi iliyoyeyushwa bodi za kompyuta za nchi yake. Kiwanda kilipofungwa alirudi kijijini na sanduku moja la bisibisi, na shemeji zake wakamuuliza kama atakula skrubu. Lalka hakuuliza kitu. Alikiburuta kitanda chake cha kufumia kutoka chumba cha chini kinachotazama barabara, akakipandisha chumbani kwake, akalala miguu ikiwa chini ya kile kitanda cha kufumia kwa miaka kumi na moja. Watu wanaapa kwamba usiku alipojigeuza alifuma zulia bila kujua. Ufunguo wa chumba aliufunga uzi mwekundu, akamkabidhi.

"Kaa hapo, tengeneza vitu vya watu. Na siku utakayonishukuru nakunyang'anya ufunguo."

Kwa hiyo Dobri hakuwahi kumshukuru kwa mdomo. Alimshukuru kwa mikono. Chupa ya kwanza ya rakia kila mwaka ilikwenda kwake. Redio yake ilitengenezwa hata ilipokuwa nzima. Na kwa miaka miwili alikuwa akiweka pembeni vipuri bora vilivyopita karakana yake, hadi akamjengea ile kompyuta ya mezani. Shukrani kubwa kuliko zote, yenye feni inayoweza kumpeperusha kuku kutoka kwenye ua.

"Nisikilize, mama," alimwambia Minka sasa, akishusha sauti kama mtu anayeongea na mteja. "Prosesa zote mbili, yaani bongo zao, zina viini vinane. Kwa kuandika nyimbo, hakuna kubwa wala ndogo. Kuandika ni kuchemsha yai, sufuria lolote linatosha. Lakini gemu ni kupika rakia. Moto mkali, saa nzima, bila kupumzika. Hii ya mezani inakula umeme wa ukutani kama balbu mbili kubwa za zamani, na juu yake ina bonge la shaba na feni la kuipoza. Ile ya mkononi inanyonya kibetri, umeme wake hauzidi wa balbu ya chooni. Ikiona joto limepanda, inapunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Haina makosa. Ni ndogo tu."

"Dakika tano za mwanzo mbona haikuwa ndogo?"

"Dakika tano hata mimi naweza kukimbia."

"Mbili."

"Haya, tushindane basi!"

Akaziwasha zote mbili, gemu moja, njia moja ya matope. Namba ndogo kwenye pembe ya skrini zilionyesha picha ngapi zinapita kwa sekunde moja: ya mezani sitini, ya mkononi arobaini. Arobaini ni nyingi, jicho la mtu halilalamiki. Minka akaanza kuimba. Dakika ya sita namba ikashuka, thelathini, ishirini, kumi na moja, na trekta la mkononi likaanza kudonoa.

"Umeona?" Dobri alisema, na usoni alijitahidi asifurahi, akashindwa. "Leo saa kumi na mbili anakaa mbele ya mashine ya watu. Sitini mpaka asubuhi!"

"Anakaa wapi, Dobri? Hukumbuki kwamba hakai?"

"Ndiyo, nataka akae! Tukimpa cha kitandani, atabaki kitandani."

"Na tukimpa cha mezani asikifikie, leo anamuaga mtoto." Minka alifuta macho, akasema ni moshi. "Unataka kumshukuru wewe, si kumsaidia."

Hilo lilimchoma. Alifungua mdomo kulijibu, na labda angelijibu vibaya, ila Minka alikunja pua, akaenda mbio kwenye bomba ambako rakia hutoka ikidondoka kwenye ndoo. Akachovya kidole, akakirudisha haraka.

"Mama yangu! Inatoka moto! Inatoka mvuke!"

Dobri akakumbuka maji. Bomba lile la shaba hupita ndani ya pipa la maji ya chemchemi yanayotiririka kulipoza, na katika kelele zao hakuna aliyefungua koki. Pipa lilikuwa limepata joto kama la kuogea. Moto ulikuwa ule ule, plamu zile zile, sufuria lile lile. Kilichokosekana ni ubaridi tu. Aliifungua koki, maji yakaingia yakiguna, na taratibu mvuke ukakoma, rakia ikarudi kudondoka safi.

Dobri akabaki ameshika koki, mdomo wazi.

"Nini tena?" Minka akauliza.

Dobri alikwenda kwenye gunia, akakichukua kile kikompyuta, akakigeuza. Kilikuwa kimevaa fulana. Fulana nzuri ya sufu nyekundu, nene, yenye vifungo viwili, iliyofunika mgongo wote hadi kwapani, na mfuko mdogo wenye punje ya kitunguu saumu ya kuzuia kijicho. Skrini tu na vitufe ndivyo vilikuwa uchi. Na mgongoni, chini ya fulana, ndiko yalikokuwa matundu ya kupumulia.

Aliishika fulana ile jana. Aliishika asubuhi. Hakuiona, kwa sababu nani huona fulana? Nyumbani kwa Lalka kila kitu huvaa: redio ina kitambaa cha maua, simu ina kofia, televisheni ina shela kama bibi harusi.

"Minka. Nani kaifuma hii?"

Minka akageuka kuchochea moto. Gogo likapasuka motoni.

"Lini?"

"Wiki tatu hivi," Minka akasema kwa sauti ya mtu aliye mbali. "Baridi ilianza. Shangazi alisema dirisha la kaskazini linapitisha upepo, na kitu chenyewe ni chembamba. Nikasema kisipigwe na upepo."

"Kompyuta ipigwe na upepo!"

"Usinicheke! Babu yangu alipita vita viwili na dubu mmoja, aliyemuua ni dirisha lililoachwa wazi na lingine likilitazama, upepo ukipita katikati!"

Dobri hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa fulana mbili na alikuwa amefunga mlango wa banda kwa sababu hiyo hiyo. Alifungua vifungo, akaivua ile sufu polepole kama unavyomvua mtoto mwenye homa. Mgongo wa kikompyuta ulikuwa na joto la mkate. Alikiinua juu ya visiki viwili vidogo ili chini pawe wazi, akapuliza nyuzi nyekundu kutoka kwenye matundu, akasubiri kipoe, akaiwasha gemu upya.

Dakika tano. Arobaini. Dakika kumi. Arobaini, mara thelathini na nane, kisha arobaini. Ya mezani nayo ikinguruma sitini pembeni, haikushindwa, ila hapakuwa na aliyeitazama. Dakika ya ishirini trekta lilipita mtoni bila kudonoa hata mara moja, na Minka akajifunika uso kwa aproni.

"Wiki tatu nimemnyima mjukuu wake," alisema ndani ya aproni.

"Mimi nilitaka kumnyima kwa miaka," Dobri akasema, akaketi kwenye gunia karibu naye. Alimimina rakia kidogo ya kwanza ya mwaka kwenye kikombe, ile ya Lalka kwa desturi, akaitazama tu. "Asante kwa kusahau koki."

"Koki ni kazi yako."

"Basi asante kwa kelele."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na mbili. Minka alisimama, akajipangusa.

"Kipeleke mbio. Na lile kabati lako litakwenda kwake pia, mezani, chini ya dirisha. Nyimbo zile mia tatu aziandike kwenye skrini ya maana, macho yake yatakushukuru. Usimwambie kwamba nimesema hivyo."

"Mezani ni hatua tisa kutoka kitandani. Nimezipima."

"Ataziweza."

"Nani wa kumwinua? Daktari kambembeleza, kasisi kamtisha, binti yake kalia kwenye simu. Tangu Julai, Minka! Mtu ambaye hajavuka kizingiti chake tangu—"

Mlango wa banda ukasukumwa kutoka nje, na upepo wote wa mlimani ukaingia. Kwanza kiliingia kiegemeo cha chuma, soksi tatu zikining'inia. Nyuma yake, amevaa koti la marehemu mumewe juu ya gauni la kulalia, akihema kama sufuria lililo motoni, Shangazi Lalka, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kupanda mlima, na ambaye saa kumi na mbili hakuwa na kitu cha kuchezea na mjukuu wake. Aliitazama kompyuta kubwa iliyokuwa ikinguruma. Akakitazama kikompyuta chake kilichovuliwa nguo. Akaitazama fulana nyekundu mkononi mwa Dobri, akanyoosha mkono aichukue, kitu chake kisipigwe na upepo.