Udongo wa Kupambia Sebule ya Mama

Kitu kilichonikera kuliko vyote miaka ile ni kutafuta chombo nyumbani nikaambiwa kimeenda machimboni. Karai liko wapi? Machimboni. Chekeche la unga? Machimboni. Hata kinu cha mama, alichoachiwa na bibi, kilikuwa kinatwangiwa mawe huko, na kiliporudi kilikuwa kimepasuka mdomo. Rashi ilikuwa imeingia. Mtu aliokota jiwe lenye dhahabu kwenye shamba la mihogo, na kabla hatujakaa sawa kukawa na mashimo, maturubai, na wageni kutoka kila mkoa. Watu wazima waliokuwa wanalima na kuchunga wakawa hawana mazungumzo mengine, ni udongo tu, asubuhi udongo, jioni udongo.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaolewa Kisaka. Nilirudi kwetu Mbalibali kwa kazi moja, kupamba sebule ya mama, kwa sababu mdogo wangu wa kike alikuwa anakuja kuchukuliwa na wakwe zake kutoka ng'ambo, upande wa Kenya. Siku ya kuchukua mke, wanawake wa upande wa mume huingia nyumbani kwa mama wa binti, wanakaa, wanakula, na wanatazama. Wanatazama kila kitu. Mimi walionichukua walikuta ukuta mtupu, una nyufa, na shangazi mmoja wa mume wangu akasema mbele ya watu kwamba huko ninakotoka hata panya wanaona aibu kupita sebuleni. Tangu hapo maneno hayo yamekuwa chumvi yangu Kisaka. Ugali ukiwa na madonge, naambiwa nimetoka kwenye ukuta wa panya. Mtoto akichafua shuka, ukuta wa panya. Niliapa mdogo wangu hatapitia hayo, hata kama ni kuchora kwa kucha.

Pesa ya rangi za dukani haikuwepo. Ng'ombe za mahari zilikuwa zimeshakuja, lakini zizini kwetu zilipita tu. Kaka yetu alizipeleka kwa wakwe zake akaoa, maana kwetu ng'ombe za dada ndizo zinazomwoza kaka. Mke wa kaka alikuwa tayari yumo ndani, ana ujauzito, anapika na mama. Kwa hiyo nilisema basi, tutapamba kwa vilivyopo.

Mdogo wangu alikuwa anajifunza ushonaji kwa fundi cherehani mmoja mtaa wa Nkende, pale Tarime mjini. Aliitwa nyumbani kabla hajamaliza. Alikuja na mfuko mkubwa wa vipande vya vitambaa, mabaki ya magauni na sare za kwaya, na mimi niliufurahia ule mfuko kama mtoto. Mto wa kiti ukitaka kuushona hauhitaji kitambaa kizima. Unakata vipande vidogo vya pembe tatu, unaviunganisha kwa mkono, ndani unajaza majani makavu ya migomba yaliyochambuliwa vizuri, na mtu akikaa hajui. Vipande vyembamba nilivisuka kama nywele, nikavizungusha na kuvishona vikawa vitambaa vya kuwekea vikombe. Kipande kimoja cha maua mekundu nilikikata petali, nikazifunga kwenye vijiti, nikaziweka kwenye chupa niliyoipaka majivu na gundi ya uji.

Mdogo wangu alishona na mimi kwa siku kadhaa, mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, lakini mdomo hakuufungua. Nilimuuliza anataka maua gani ukutani, akasema yoyote. Nikamuuliza mito iwe ya duara au ya pembe nne, akasema vyovyote. Jamani, mimi nimeacha watoto Kisaka nimekuja kwa ajili yako, na wewe unanijibu kama karani mwenye njaa. Nikamshtaki kwa mama. Mama akasema bibi harusi anayebwabwaja ndiye wa kuogopwa, nimwache.

Ukuta sasa. Wa kwanza kunivuruga alikuwa kaka. Nilimwomba kinyesi kibichi cha ng'ombe, akasema hana muda, anawahi shimoni. Nikaenda zizini mwenyewe, nikakuta ndama tu, ng'ombe wote wamepelekwa kuchungwa mbali kwa sababu malisho ya karibu yamechimbwa. Nikazunguka kwa majirani na ndoo, mtu mzima nimeolewa, naomba mavi. Nilipata. Nilichanganya na udongo wa kichuguu, nikasiriba ukuta wote, nikauacha ukauke, nikarudia tena ili nyufa zife. Nyeusi nilipata kwenye masizi ya sufuria. Nyeupe ni majivu yaliyochujwa, na kwa kuwa chekeche liko machimboni, nilichujia kitenge changu. Nyekundu ilitoka kwenye korongo la kisimani. Kila rangi niliichanganya na uji mwepesi wa muhogo ili ishike.

Kilichobaki ni rangi ya kuzungushia maua, na hapo ndipo nilipouona ule udongo nyuma ya jiko. Ulikuwa wa kijani cha majani makavu, laini, ukiupigisha jua unametameta. Ulikuwa wa mpangaji wetu, mchimbaji mmoja kutoka upande wa Shinyanga, kijana mpole aliyekodi chumba cha uani na kumwita baba yangu mzee na mimi dada. Alikuwa anasaga mawe, anayaosha kutafuta dhahabu, halafu mabaki yake anayamwaga pale. Nilimuuliza kaka kama naweza kuuchukua. Akasema huo umeshaoshwa, ni uchafu, chukua mpaka uchoke.

Nilichukua. Nilichora kwa fimbo ya mkonge niliyoiponda ncha ikawa brashi, na kwa viazi nilivyovikata vikawa mihuri. Kuta tatu, maua makubwa mekundu na meupe, na mzunguko mpana wa ule udongo wa kumetameta kutoka mlangoni hadi mlangoni. Nilipomaliza nilirudi nyuma nikakaa chini. Sijawahi kujisifu, lakini siku ile nilijisifu. Mama aliingia, akashika kidevu, akasema shangazi yule wa Kisaka angeletwa hapa kwa nguvu.

Asubuhi ya siku ya wageni yule mpangaji alikuja kumsalimia baba. Alisema shikamoo, akakaa, na jua la mlangoni lilikuwa limepiga ukuta. Nikaona ameacha kusikiliza anachoambiwa. Akainuka, akapitisha kidole kwenye mzunguko wangu, akakwangua kwa ukucha.

"Dada, huu udongo umeutoa wapi?"

"Kwenye uchafu wako," nikamwambia.

"Upande gani? Wa jiko au wa mwembe?"

Nilimwambia wa jiko. Akafunga macho. Kumbe mabaki yaliyooshwa yalikuwa upande wa pili, chini ya mwembe. Wa jiko ulikuwa udongo wake wa shimo jipya, aliousaga na kuuacha ukisubiri maji. Aliomba sahani, akakwangua kipande kizima cha mzunguko mbele ya macho yangu, akamimina maji, akaizungusha na kuinamisha mpaka matope yakaisha. Ukingoni kulibaki mstari mwembamba wa njano, mwembamba mno, lakini wa njano.

Baba alikuwa mtu wa taratibu, hata simba angepita angemaliza kwanza chai yake. Siku ile alisimama mpaka kiti kikaanguka. Kaka alitoka nje na kurudi na panga na karai. Karai. Wiki nzima natafuta karai katika nyumba ile naambiwa halipo, na ghafla karai limeonekana.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Nilisimama mbele ya ukuta nikanyoosha mikono. Niliwaambia wageni wako njiani, wameshavuka mpaka pale Sirari, mnataka waingie wakute sebule imekwanguliwa kama banda la kuku? Kaka akasema dhahabu haisubiri wageni. Mpangaji, maskini, akasema udongo ni wake lakini ukuta ni wetu, tugawane tunavyoona. Baba akasema wakwe wataelewa. Nikamwambia wakwe hawajawahi kuelewa kitu, mimi naishi nao.

"Sogea, dada," kaka akasema. "Utachora tena."

"Nichore lini? Wageni wanakuja saa sita."

"Basi tundika kitenge."

Ningemrukia. Mama alikuwa analia kimya kimya kwenye mlango wa jikoni na mke wa kaka ameshika mwiko nyuma yake, hajui asogee au akae. Mwishowe nikasema siku hii si yangu wala yenu, ni ya bibi harusi. Aitwe yeye aseme. Cha ajabu, baba alikubali. Nadhani alijua binti asiyesema kitu atasema ndiyo kwa baba yake.

Mdogo wangu akaletwa kutoka chumbani, amepakwa mafuta, kitenge kipya begani. Baba akamweleza. Alitazama maua yangu kwa muda, akatazama sahani ile yenye mstari wa njano. Nikamwambia sema, mdogo wangu, usiogope mtu, ukuta huu ni wako.

Akamgeukia mpangaji. "Ikikwanguliwa yote, inaweza kutosha ng'ombe?"

Mpangaji akacheka kidogo, akadhani ni utani. "Ng'ombe za nini tena, bibi harusi?"

"Za kuwarudishia," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuomba chumvi. "Kama inatosha, mwarudishie ng'ombe zao. Mimi nirudi Nkende nikamalize cherehani."

Kaka aliangalia chini. Mke wake aliweka mwiko juu ya meza, akashika tumbo, akatoka nje, maana ng'ombe hizo ndizo zilizomleta yeye. Mimi nilikuwa bado nimenyoosha mikono ukutani.

Baba akaokota kiti chake, akakaa.

"Rudisheni panga," akasema. "Ukuta usiguswe. Wageni wanakuja."

Na mdogo wangu akarudishwa chumbani.

Nilipata nilichokitaka. Pale palipokwanguliwa niliegemeza kabati. Wageni waliingia, wakakaa juu ya mito yangu, na wanawake wao walitazama kama nilivyojua watatazama. Mmoja mnene, shangazi wa bwana harusi, alisimama na kugusa mzunguko kwa ncha ya kidole, akasema, "Aki hii nyumba imepambwa. Nani alifanya hii kazi?" Mama alinionyesha kwa fahari. Yule shangazi akanipa mkono, akasema wamepata binti kutoka nyumba yenye heshima. Neno hilo nililitafuta miaka yote tangu niolewe, na siku ile nilipewa. Niliuma meno nikasema asante. Mdogo wangu alikuwa amekaa kati yao, ameinamisha kichwa, na kila mtu alimsifu kwa adabu.

Walimchukua mchana ule ule. Alinikumbatia kama anavyokumbatiwa mtu yeyote, akamshukuru baba, akapanda gari.

Vumbi halijatulia, kaka aliingia na lile panga. Safari hii hakunishurutisha, alisimama tu mlangoni ananiangalia. Nikamwambia kwangua. Nikashika karai mimi mwenyewe. Tulikwangua kuta zote tatu, nyekundu, nyeupe, nyeusi, vyote vikaanguka humo, na mpangaji akaosha uani huku baba amesimama juu yetu mikono nyuma. Sijawahi kupenda dhahabu, hata ya kwenye sikio. Lakini pale nilipopiga magoti, maji yakizunguka, nilikuwa naomba moyoni iwe nyingi, iwe nyingi sana, gari lile halijafika mbali, mtu wa pikipiki anaweza kutumwa.

Matope yakaisha. Mpangaji aliinamisha karai kwenye mwanga, akalitikisa, akalitazama tena. Kisha akanipa nitazame.

"Dada," akasema, "hapa hata mkia wa ng'ombe hatupati."