Recheli na Miwani ya Gemu

Banda la gemu la Recheli liko Isevya, mjini Tabora, kwenye barabara ya vumbi wanayopita watu wa Kwihara wakija sokoni. Lina televisheni nne, mashine nne, viti vya plastiki na feni moja inayozunguka ikijisikia. Wateja wake wengi ni watu wazima: madereva wa bodaboda wanaosubiri abiria, mafundi waliomaliza kazi mapema, wanachuo, na mara moja moja mwanaseminari wa Kipalapala aliyetumwa mjini akajisahau hapo.

Watu walimsifu kwa mikono yake. Pedi ya kuchezea gemu iliyokufa vitufe, mashine inayonguruma kama ya kukoboa mahindi, zote alizifungua mwenyewe, akazisafisha na kuunga waya kwa risasi iliyoyeyushwa huku akipiga hesabu kimoyomoyo. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mrefu, mkimya, na alivaa mikono mirefu hata mwezi wa kumi, Tabora inapowaka jua. Aliyemwuliza sababu aliambiwa ana kovu la maji ya moto. Kovu lilikuwepo kweli, toka kiwikoni hadi karibu na kifundo cha mkono wa kushoto, lakini si la maji.

Kwao ni Ipole, wilaya ya Sikonge, ambako baba yake alilima tumbaku na kurina asali. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, akisonga ugali peke yake, kifafa kilimwangusha, mkono ukaingia kwenye makaa ya jiko. Mama yake alisikia harufu kabla hajasikia kishindo. Tangu siku hiyo kila kitu kilibadilika. Shuleni alipewa dawati la peke yake. Nyumbani kikombe chake kilifungwa uzi mwekundu kwenye mkono wa kukishikia ili mtu asikosee akanywea. Hakuna aliyemtukana. Walimwogopa tu, na walimwogopa kwa upole, jambo ambalo kwake lilikuwa baya kuliko matusi.

Vidonge vya kliniki vilimsaidia. Alipofika miaka ishirini alikuja mjini, akajifunza ufundi wa redio kwa mzee mmoja aliyeitwa Nikolaus, na hakumwambia mtu. Ugonjwa ukalala. Daktari alimpunguzia dawa kidogo kidogo, mwishowe akamwachisha. Miaka kumi na sita ilipita bila kuanguka. Hata hivyo kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, aliupitisha ulimi kwenye meno, kuona kama ameung'ata usingizini.

Mwezi wa Juni mwaka jana alikuja Rizwan. Huyu ni Mhindi mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na soko kuu, na ndiye aliyemuuzia Recheli televisheni zake zote. Siku hiyo alibeba boksi jeupe kifuani kama mtu aliyebeba keki. Ndani yake mlikuwa na miwani mizito, myeusi, inayofunika uso kuanzia paji hadi puani, na vishikio viwili vya mkononi. Alisema ukiivaa huangalii gemu, unaingia ndani yake. Akaivaa yeye kwanza, akapepesuka katikati ya banda akipapasa hewa, watu wakacheka hadi machozi.

Alipoivua alimvuta Recheli kando. Alimweleza kuwa mashine mpya zinazokuja hazina hata pa kutia sidii, gemu zote zitatoka hewani, na mafundi wa kufungua na kusafisha watabaki na bisibisi zao mkononi.

"Miaka mitano tu, dada Recheli," alisema. "Televisheni hizi utafugia kuku. Watu watakuwa wanavaa gemu usoni. Nakuachia hii, tuijaribu pamoja hapa kwako. Ivae basi uone."

Recheli alisema kichwa kinamuuma. Kesho yake alisema vilevile.

Mchana mmoja banda lilipokuwa tupu, alilitoa boksi na kukuta karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imeandikwa kwa lugha kama kumi, Kiswahili hakimo. Aliisoma kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, akiruka maneno magumu. Neno moja halikuhitaji kamusi. Lilikuwa limeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki tangu utotoni. Karatasi ilionya kwamba mwanga unaowaka na kuzima haraka unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa, na wengine huangushwa bila kujua kwamba wanacho.

Alikaa chini. Alijua la kufanya: aibandike ukutani, amwulize kila anayekuja. Lakini anayewauliza watu habari za kifafa ataulizwa na yeye kakijulia wapi. Nje ya mlango alikaa Mektilda, mama wa wali na maharage, rafiki yake wa miaka saba. Kila saa saba mchana Mektilda aliingia na sahani moja, wakala pamoja kwa mikono yao. Recheli aliitazama ile karatasi, akauona uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe. Akaikunja, akaisukuma chini ya kopo la skrubu.

Miwani ilipata sifa mji mzima. Watu walikuja kutoka mtaa wa Ng'ambo, wakaja kutoka Kigwa kwa treni, wakapanga foleni. Recheli hakuifurahia hata siku moja. Alivyoambiwa na mama yake, anayekaribia kuanguka hukodoa macho kwanza, kama anayesikiliza kitu cha mbali. Sasa macho yalikuwa yamefunikwa. Kwa hiyo aliangalia vidole vya wachezaji. Alikaa mezani na pedi iliyofunguliwa mbele yake, haigusi, akivihesabu vidole vya watu. Kidole kikichezacheza, moyo wake ulipiga kama mlango unaogongwa. Jioni alirudi nyumbani amechoka kama aliyepalilia ekari nzima. Usingizini aliwaona watu wasio na macho wamepanga mstari mbele ya banda, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kuanguka.

Wiki tatu zikapita, hakuna kilichotokea, akaanza kujiambia kuwa karatasi zile huandikwa na watu wa kujikinga tu.

Jumamosi moja mchana alikuja Adinani, kijana wa miaka thelathini na mmoja, mchomelea mageti, mcheshi, mteja wake wa siku nyingi. Alisema amekesha akimalizia geti la mtu na sasa anataka kujipongeza. Alichagua gemu la kuruka ndani ya handaki lenye taa zinazopita kwa kasi. Akaivaa miwani, akawa anainama kushoto na kulia, wenzake wakimshangilia.

Recheli alikuwa akiangalia vidole vyake. Kidole gumba cha kulia kiliruka mara moja. Kikaruka tena. Kishikio kikaanguka, na kabla Recheli hajainuka kwenye kiti, Adinani alitoa sauti moja nzito ya kifuani na kuanguka chali katikati ya viti, mwili umekakamaa, kisha ukaanza kurushwarushwa.

Banda lilichafuka. Mmoja alisema ashikwe miguu. Mwingine alichomoa kijiko kwenye sufuria ya Mektilda, akataka kumtia mdomoni asijing'ate. Wengine walirudi nyuma hadi ukutani wakikataza watu wasimguse, kwamba povu linaambukiza, na mtu mmoja mlangoni alikuwa tayari anawaambia wapita njia kuwa mashine ya Mhindi ina jini.

Recheli alisimama akashindwa kusogea. Hakuwahi kuuona ugonjwa wake kwa macho. Alikuwa akizinduka tu baadaye, nyuso za watu zikiwa zimemzunguka juu. Sasa alikuwa mmoja wa zile nyuso. Aliogopa Adinani anakufa. Aliogopa kwamba kwa kuona tu, na yeye angeanguka palepale kando yake. Aliogopa watu. Kisha akamwona mwenye kijiko anapiga magoti, na miguu yake ikasogea yenyewe.

"Msimtie kitu mdomoni," alisema. "Ondoeni viti. Mwacheni, msimshike."

Aliivua miwani usoni mwa Adinani polepole. Akavua sweta lake, akalikunja na kuliweka chini ya kichwa chake, akaitazama saa ya ukutani ahesabu dakika. Mkono wake ulikuwa wazi, kovu linaonekana hadi kiwikoni.

"Wewe umejuaje?" Mektilda aliuliza kutoka mlangoni.

"Ninao na mimi," Recheli alisema, macho yakiwa kwenye saa. "Huu ugonjwa. Ninao tangu mtoto."

Dakika mbili na sekunde arobaini zilipita, na kwake zilikuwa ndefu kuliko ile miaka kumi na sita. Mwili ukalegea. Alimgeuza Adinani ubavu, mate yakatoka, akaanza kukoroma. Alipofumbua macho aliuliza viatu vyake viko wapi.

Rizwan alipigiwa simu, akaja na gari lake, wakampeleka hospitali. Kwenye benchi la nje Recheli alimweleza habari ya ile karatasi, neno kwa neno, na mahali alipoificha. Rizwan alizigeuza funguo za gari mkononi.

"Ungeniambia," alisema.

"Niliogopa."

"Mimi sikuisoma kabisa," Rizwan alisema. "Nililifungua boksi, nikaitoa miwani, basi."

Kumwambia mama yake Adinani kulikuwa kugumu zaidi. Alipofika, Recheli alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaanza kueleza akiwa amesimama. Mama yule alisikiliza hadi mwisho, ushungi ameukamata kidevuni. Alisema pengine na yeye angeogopa. Kisha akasema, "Lakini yule ni mwanangu," akaingia wodini, hakumtazama tena siku hiyo.

Madaktari waligundua kwamba Adinani alikuwa ameamka mara mbili mwaka ule na ulimi uliong'atwa, asimwambie mtu. Kukesha na taa zile vilikiweka wazi kilichokuwa kimejificha. Alipewa dawa, akakatazwa kupanda ngazi kuchomelea mpaka hali itulie.

Banda lilikaa kimya siku nne. Lilipofunguliwa, ukutani palikuwa na karatasi kubwa iliyoandikwa kwa kalamu nene, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu, na hakuna aliyegusa miwani bila kuulizwa maswali matatu juu ya kifafa. Wateja wengine hawakurudi. Wengine walirudi, na wawili kati yao, kwa nyakati tofauti, walimwita pembeni wakamweleza, mmoja habari za dada yake mwenye kifafa, mwingine za mtoto wake. Mektilda alikuja saa saba mchana kama kawaida. Alikuwa na sahani mbili. Alizungumza mambo ya soko, akacheka, akamuuliza hali ya Adinani, na Recheli alikula yake. Hadi leo ni sahani mbili.

Rizwan bado anasema televisheni zitafugiwa kuku, na ameagiza miwani mingine, miepesi zaidi. Recheli hajaivaa hata mara moja, wala hajui kama ataivaa. Hofu haikumtoka, ilibadilika kutoka kitu cha kuficha ikawa kitu cha kwenda nacho.

Jumanne ya kwanza ya mwezi uliofuata alimsindikiza Adinani kliniki. Walikaa benchi la kibarazani, mahali ambapo kila apitaye njiani humwona aliyekaa. Aliwaona watu wawili wanaomfahamu, lakini hakuhama. Adinani alikuwa akimsumbua kwa maswali: je, gemu la mpira kwenye televisheni, taa za banda zikiwa zinawaka, akikaa mbali, ataruhusiwa? Recheli alimwambia amuulize daktari, asimuulize fundi.

Muuguzi alitoka na faili mkononi, akaita jina la Adinani. Kisha akamtazama Recheli, akauliza kama yeye ni ndugu wa mgonjwa.

"Hapana," Recheli alisema. "Na mimi nifungulieni kadi."